Safari ya kupima maji: sasa ni JUMAPILI

Asalaam aleikum, habari za jioni wanakikundi.

Kusi limekaza, na nahodha ameshauri tusogeze safari ya Jumamosi hadi Jumapili. Tukutane diko la Sahare, Tanga, saa 1:00 asubuhi. Mchango sh. 8,000 (mafuta na chai), umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Upepo huu tusiulaumu. Vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho vinahitaji mwanga, nao haufiki mbali: chini ya mita 200 hautoshi tena kuvikuza. Rutuba yao, yaani naitreti na fosfeti, nyingi iko kilindini. Maji ya juu yakipata joto na kutulia, rutuba haipandi. Upepo ndio unaoyakoroga. Huko pwani ya Somalia, kusi hupandisha maji baridi yenye rutuba na bahari hugeuka kijani. Dagaa tunaowala hutegemea chakula kinachoanzia kwa vijimea hivyo.

Kazi:
1. Mama Asha na vijana wawili: sahani nyeupe. Mnaishusha kwa kamba yenye alama kila mita hadi ipotee machoni, mnaandika kina, tujue maji yana uwazi kiasi gani. Rudieni karibu na mlango wa mto, tulinganishe.
2. Bakari: wavu wa planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini, vikiwemo vijimea hivyo) na chupa safi.
3. Kila mtu: kofia na maji ya kunywa. Bila jaketi la kuokolea, hupandi boti.

Tafadhali jibu NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi usiku, nijue idadi ya majaketi. Asanteni sana.