Leseni za nyumba za kupangisha: someni kabla ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari zenu.

Kutokana na maswali ya wiki hii kuhusu leseni za kupangisha nyumba, naomba tuelewane kwanza kwamba leseni hutolewa na halmashauri ya eneo nyumba ilipo, ndiyo maana masharti ya Newham, mashariki mwa London, si lazima yafanane na ya jirani zake. Nyumba yenye wapangaji 5 au zaidi wasio wa kaya moja, wanaochangia jiko au choo, huhitaji leseni kote England, na tangu Oktoba 2018 haisamehewi hata kama haina ghorofa tatu. Zaidi ya hapo, halmashauri yaweza kutangaza kwamba nyumba za kupangisha za mtaa mzima zinahitaji leseni, na hapo hata anayepangisha familia moja huguswa.

Pimeni vyumba, tafadhali. Katika nyumba hizo za kuchangia, chumba cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51, na cha wawili 10.22, sehemu ya darini isiyofikia kimo cha mita 1.5 haihesabiwi, jambo lililomponza mwenzetu aliyekwisha kununua kitanda.

Anayetaka tujaze fomu pamoja aje Jumamosi saa kumi jioni, na cheti cha usalama wa gesi cha mwaka huu mkononi.