Barua kwa mwanangu: usikeshe na pasi

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Mumeo aliponiambia kwamba unaamka saa nane usiku kupiga pasi kanzu zake, nilidhani mmegombana. Kumbe ni ile habari uliyoisoma simuni, kuwa stima ya usiku ni rahisi. Habari yenyewe si ya uongo, ila haiihusu nyumba ya tokeni, inayonunua stima kabla ya kuitumia, kama yako huko Bamburi.

Uingereza ziko nyumba zenye mita ya Economy 7: saa saba za usiku zina bei yake, mchana una bei yake. Mtu wa huko akifua usiku anajua anachofanya. Hapa kwetu nyumba ya kukaa hulipa yuniti kwa bei ile ile, iwe magharibi au usiku wa manane. Bei ya usiku, ile ya saa nne hadi saa kumi na mbili alfajiri siku za kazi, Kenya Power waliianzisha Desemba 2017 kwa viwanda na biashara kubwa. Mjomba wako wa barafu kule Likoni yumo, ndiyo maana mashine zake hunguruma usiku na mchana yeye kazi yake ni kuuza. Na hata yeye hakupewa hivi hivi. Matumizi yake yalitakiwa kwanza yapite kiwango chake cha kawaida, ndipo yuniti za ziada za usiku zikatwe kwa nusu ya bei. Wenye pikipiki za umeme nao walipangiwa bei ya usiku mwaka 2023. Wewe na pasi yako hamumo popote.

Pesa zako zinaliwa kwingine. Tangu Aprili 2023 nyumba zimegawanywa mafungu matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wanaofika 100, na waliopita 100. Huangaliwa wastani wa miezi mitatu. Ukishavuka mia, usidhani ni zile zilizozidi tu zinazopanda bei. Zote hupanda, tangu ya kwanza. Na ukitaka kurudi chini, lazima ujibane mpaka wastani wenyewe ushuke.

Basi twende kwa hesabu. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni yuniti moja. Ipige mara moja kwa wiki, nguo zote pamoja, badala ya kuipasha moto kila asubuhi kwa shati moja. Vitambaa vyepesi viache mwisho, umalize na swichi imezimwa. Mumeo naye ana mikono, asaidie. Feni ya wati 60 ikiwaka usiku kucha, muda wa saa nane, haifiki hata nusu yuniti, kwa hivyo usimzimie mtoto feni kwa ubahili. Mla pesa ni kile kiyoyozi mlichonunua. Kikifanya kazi mfululizo chaweza kula karibu yuniti moja kwa saa. Kiwashe kwa muda wa saa sita kila usiku wakati huu wa kaskazi, na mwezi hautaisha kabla hakijakuvusha mia peke yake. Kusi ikiingia fungua madirisha, huo upepo wa bahari hauna tokeni.

Saa zina maana yake, sikatai. Kuanzia magharibi hadi kama saa nne usiku nchi nzima huwasha kwa pamoja. Mvuke wa Olkaria, ule unaotoka ardhini, huzalisha stima mchana na usiku, na upepo wa Turkana huvuma sana usiku wakati watu wamelala, mpaka stima yake nyingine ikakosa mnunuzi. Lakini pale jioni mvuke na upepo havitoshi, huongezwa mitambo ya mafuta, ikiwemo hii ya kwetu Kipevu na Rabai. Gharama ya hayo mafuta hurudi kwenye kila yuniti ya kila mtu. Itazame kwenye mchanganuo wa malipo. Ukihamisha pampu na mashine ya kufulia kutoka jioni, wewe mwenyewe huoni senti leo. Ila jioni ndipo stima huwa dhaifu mtaani, feni zikazunguka kivivu, na mota ya pampu haipendi stima dhaifu. Maji ya mfereji yakija usiku, yaache yajaze tangi la chini, uyapandishe juu asubuhi. Fua saa tatu au saa nne, uanike. Jua la Mombasa litakukaushia leso kabla ya adhuhuri.

Nitumie ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu iliyopita, kila ulichonunua, hata za shilingi mia. Nataka nijumlishe yuniti nione mko fungu gani, kisha tuzungumze kuhusu kiyoyozi mumeo akiwepo.

Mama yako