Mzuie huyo fundi na misumari yake

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam aleikum. Za Tanga, za watoto, za Mama Rukia na mguu wake? Huku Dar wote wazima, joto tu linatutoa roho. Salamu nyingine zitangoja, maana umesema fundi anakuja Jumamosi kupigilia kimia cha mbao cha kukwezea karakara (pasheni) kwenye ukuta wa uani, moja kwa moja, kwa misumari ya zege. Mzuie kwanza, tuelewane.

Kimia kikigusana na ukuta, mikono ya karakara haipati pa kuzungukia, unyevu wa masika unabaki nyuma ya mbao, na mchwa wanajenga njia yao humo bila wewe kuiona. Kinachotakiwa ni nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya ukuta na kimia. Nafasi hiyo inapatikana kwa kufunga kwanza papi, yaani vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 2, ukutani, zikiwa zimesimama. Zikilala, maji yanatuama juu yake na zinaoza upesi. Kimia kinafuata juu ya papi. Na msumari wa zege kwenye tofali za inchi 5 unapasua plasta na kulegeza tofali. Karakara ikishiba mvua na matunda uzito wake si mchezo, kisha kusi ije iutikise. Kila kitu kiwe cha skrubu.

Kwa ukuta wako wa mita 2 kwenda juu, tengeneza vimia viwili, kila kimoja upana mita 1.8 na kimo mita 1.6. Fito za inchi 1 kwa 2, miraba ya sentimita 20: kila kimia fito 10 za kusimama na 9 za kulala. Mbao ya futi 12 inatoa fito mbili tu, kwa hiyo nunua mbao 20 za 1 kwa 2, moja ikiwa ya akiba, na 3 za 2 kwa 2 kwa ajili ya papi sita. Fito za kulala ziwe nyuma, ndizo zitakazokutana na papi popote papi ilipo. Makutano ni 90 kwa kila kimia, kila moja skrubu ya milimita 40, basi boksi la skrubu 200 linatosha. Watoboe kwanza kwa biti ya milimita 3, la sivyo ncha za fito zitapasuka, hasa ukichukua mtiki.

Kuhusu mbao, mtiki wa shamba la miti la Longuza mnao hapo Muheza, lakini chagua wenye kiini cha kahawia. Ule weupe wa pembeni mchwa wanaula tu. Paini iliyotiwa dawa inafaa pia. Ila kila panapokatwa msumeno dawa haipo tena, papakwe upya, na vipande vya kijani vinavyobaki visiingie jikoni kabisa, moshi wake ni sumu. Oili chafu usikubali hata ukiambiwa ni bure. Inachuruzika kwenye shina na inachafua matunda.

Sasa kufunga papi, na hapa ndipo mafundi wanapolipua. Papi tatu kwa kila kimia: mwanzo, katikati, mwisho. Kila papi matundu manne, la kwanza sentimita 10 kutoka ncha, mengine yakipishana sentimita 47 hivi. Biti ya milimita 10, plagi za plastiki za 10, skrubu za 6 kwa 120 zisizoshika kutu, maana chumvi ya bahari inaila skrubu ya kawaida kabla mmea haujazaa vizuri. Plasta itobolewe bila kugongesha dreli, kugongesha kuanze ikifika kwenye tofali. Tundu liende sentimita 7 na nusu, si zaidi, msije mkatokea kwa jirani (yule hana utani). Plagi yote izame ndani ya tofali. Ikibaki kwenye plasta haina ilichoshika. Vumbi litolewe kwa pampu ya baiskeli. Plagi ikizunguka na skrubu, tofali ni la mchanga mwingi: sogezeni tundu sentimita 6 juu, msijaze vijiti vya kiberiti.

Skrubu ya juu ifungwe kwanza, papi ining'inie, apime kwa timazi, ndipo za chini. Ncha ya chini ikae sentimita 20 juu ya udongo, ili njia ya mchwa ikipanda ionekane ukutani uikwangue. Kimia nacho kishikwe na skrubu tisa tu kwenye papi, ili siku ukuta ukitaka chokaa kinashuka kizima. Na kisizidi kimo cha ukuta hata kidogo. Kikizidi kinakuwa tanga, na ukuta wako hauna nguzo.

Karakara ya njano ndiyo ya pwani, ile ya zambarau waachie Lushoto. Panda miche miwili ya mbegu tofauti, maana haijichavushi, sentimita 45 kutoka ukutani, msingi usiibane mizizi. Wanaoichavusha ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Utawavumilia tu.

Sasa nijibu. Tofali ni nzima au zina matundu ndani? Plasta ina mwezi tayari? Ukiigonga inalia tupu popote? Waya wa taa ya geti unapita wapi humo ukutani, au ndiyo mpaka dreli iuguse tujue? Hamisi amerudisha dreli? Na ile habari ya Saidi na shamba la Pongwe, ni kweli au maneno ya Mama Rukia tu?

Zuhura