Kauri inayong'aa haikuokotwa

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi lilipokuwa likitufikia Malindi na basi la mchana, likiwa limekunjwakunjwa na limeshasomwa na utingo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwaandikia, hata mlipotuchapishia ratiba ya Ramadhani ya mji mwingine. Lakini ile taarifa yenu ya kurasa mbili juu ya wauza kauri wa ufukweni imenishinda kumeza. Mwandishi wenu anasema biashara ile haina madhara kwa mwamba kwa sababu makauri husukumwa na mawimbi hadi mchangani, na watu huyaokota tu.

Huyo bwana amewahi kuokota kauri? Kauri iliyoletwa na mawimbi imepauka, imechakaa, aghalabu imetoboka mgongoni. Kauri inang'aa kwa sababu mwenyewe, yaani konokono wa baharini aliyemo ndani, akiwa hai hutoa ngozi yake laini kutoka pande zote mbili akalifunika gamba lote kwa nje, akalilinda na kulipaka ule mng'aro siku zote za maisha yake. Akifa, jua na mchanga humaliza kazi upesi. Kwa hiyo hizo mlizozipiga picha, zimepangwa juu ya kitambaa chekundu na kumeremeta kama sahani za harusi, zote zilichukuliwa zikiwa na roho. Zilitolewa chini ya mawe wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekauka mbali, na wengi wa wanaozitoa hawajisumbui kurudisha jiwe lilivyokuwa. Jike la kauri hukalia mayai yake na kuyafunika kwa mwili mpaka yaanguliwe. Ukimng'oa yeye na jiwe ukaliacha chali, umeondoka na mama na watoto umewaachia samaki.

Halafu huzikwa mchangani mpaka nyama ioze. Mwandishi wenu angepita nyuma ya vibanda, upande wa upepo, angeandika taarifa nyingine kabisa. Wala si jambo la jana. Miaka ya 1840 na 1850 kampuni za Hamburg zilipokuwa zikipakia Unguja kauri zetu ndogo, zile zenye pete ya manjano mgongoni, ili zikatumike kuwa pesa Afrika Magharibi, zilirundikwa na kuozeshwa vivyo hivyo. Zikapelekwa nyingi mno hata thamani ya pesa yenyewe kule ikaporomoka. Hakuna Mjerumani aliyekaa kungoja mawimbi yamjazie jahazi.

Sasa nisikilizeni. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani Mji wa Kale, Mombasa, na alikuwa na dondo lake, lile kauri kubwa la madoadoa, la kulainishia mishono ya kanzu na kofia. Alilirithi kwa baba yake. Upande mmoja wa mgongo ulikuwa umesuguliwa na nguo mpaka madoa yakafifia, na pale kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa palikuwa na kijishimo. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyebaki na ufundi, anashona kofia Muscat, akaniomba nimpelekee. Nikalifunga kwenye leso, nikalitia mkobani. Kwenye uwanja wa ndege, kijana mmoja aliyevaa sare akalitoa, akaligeuza, akaniambia, "Mama, hii ni nyara ya bahari, kibali kiko wapi?" Nikamwambia bahari yenyewe ililisahau dondo hili kabla babu yako hajatahiriwa. Akasema sheria ni sheria. Nikamwonyesha kwa kidole, kupitia kioo, duka la zawadi lililo humo humo ndani: makauri matatu ya aina ile ile, mapya, yanawaka, na bei zimebandikwa kwa dola. Akanijibu yale si kazi yake. Si kazi yake! Basi kazi yake ni kunyang'anya vikongwe urithi wa baba zao ilhali wenye maduka wanauza mwamba mzima rejareja? Dondo lile sijaliona tena, risiti sikupewa, na kaka yangu mpaka leo analainisha mishono kwa mgongo wa kijiko.

Na mkiwa mnajirekebisha, tazameni ile picha ya ukurasa wa pili. Mtoto ameshika kiganjani kome mwenye umbo la pia, ana michoro ya kahawia, na chini mmeandika "kauri". Yule si kauri wala si ndugu wa karibu wa kauri. Yule ana jino mfano wa chusa, hulirusha likiwa na sumu, na katika jamaa zake yuko mmoja ambaye ameshaua watu, na dawa ya kuizima sumu hiyo haipo. Wazee wetu walitukataza kumgusa hata tukimkuta ametulia. Ninyi mmempa mtoto ashike, mkampiga picha, mkachapa kwa rangi.

Msinielewe vibaya kuhusu wauzaji. Wengi nawajua, na mama anayeuza kauri apate unga wa jioni siwezi kumtolea macho. Maji ya Malindi na Watamu yamekuwa hifadhi tangu 1968, na yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa akionekana na ndoo. Wateja wakubwa ni wale wenye hoteli wanaoning'iniza taa za makauri juu ya meza ya mapokezi. Kwa hao nina pendekezo: wapewe kibali leo hii, kwa sharti moja. Kila kauri ifikishwe hotelini ikiwa na mwenyewe ndani, na iozeshwe hapo hapo mapokezi, kwenye beseni lisilo na kifuniko, mbele ya wageni, kuanzia bamvua moja hadi jingine. Mwandishi wenu apewe chumba kinachotazamana na beseni, bure, pamoja na chakula.

Binti wa Fundi,
Malindi