Karama Maber: Salamu za Krismasi kwa Wanaotumika Kati ya Waluo wa Uganda

Wapendwa makatekista, wainjilisti, wachungaji, mapadri na masista mlioko Acholi, Lango, Alur na Padhola, Bwana asifiwe.

Karama maber! Kwa Waacholi sherehe kubwa ni karama, na karama ya mwaka ndiyo hii ya tarehe 25. Tunawatakia heri ninyi na watu wa nyumbani kwenu, hasa watoto watakaokula Krismasi bila baba wala mama kwa sababu mzazi yuko kigango cha tatu anaongoza ibada.

Msimu mnaujua. Mvua imekatika, nyasi zinaanza kuchomwa. Simsim iliyofungwa mafungu na kuanikwa vichanjani imegeuzwa kichwa chini, ikakung'utwa juu ya turubai na kupepetwa. Wanunuzi wanapita na mizani. Kaya ambayo haikushika noti kubwa tangu mwaka uanze inaishika sasa, kwa wiki mbili tatu, na hapo ndipo pombe, kamari ya mpira na mke mdogo vinapopata fedha. Anayehubiri juu ya tamaa ya mwili bila kuitaja simsim anapiga hewa.

Kwa hiyo mahubiri ya fedha yaje mapema, Jumapili ya kwanza au ya pili ya Majilio. Usiku wa mkesha yamechelewa, pombe imeshapikwa. Semeni wazi: mbegu zitengwe kwanza, kisha gunia la karo, ndipo sikukuu ipate chake. Mbegu za eka moja ni kilo mbili tatu tu, zinaenea kwenye kindoo, na udogo huo ndio unaoziponza. Mama anazichota kidogo kidogo kusaga odii, siagi ya simsim, ya wageni, na mvua zikirudi kindoo ni kitupu. Gunia la karo nalo lisiuzwe tarehe 22, siku ambayo kijiji kizima kinauza na mnunuzi anapanga bei apendavyo. Shule hazifunguliwi kabla ya Januari kwisha. Simsim iliyokauka vizuri inasubiri.

Sasa pombe, na hapa tukae kidogo.

Kishawishi cha Desemba kinaletwa na mwenyeji mwema, kwa mikono miwili, ndani ya kibuyu. Kwete, pombe ya nafaka ya kienyeji, haipikwi leo ikanywewa leo. Unga unachachushwa, unakaangwa, unaanikwa, unachanganywa na kimea cha ulezi, kisha unangojwa uchachuke wenyewe. Mama aliyeanza kazi hiyo wiki nzima kabla ya sikukuu amewahesabu wageni wake, na wewe umo. Kwenye pombe ya ulezi ya mirija ni hivyo hivyo: chungu kiko katikati, maji ya moto yanaongezwa, na mrija wako umeshawekwa. Ukikataa kibuyu kikiwa tayari mkononi mwake, umekataa juma zima la kazi yake.

Wanaokosea hapa hukosea kwa kuchelewa kusema. Neno la kukataa hutangulia kibuyu. Ukifika tu, kabla hujaketi sawasawa, omba wewe mwenyewe: “Mama, mimi leo nina hamu ya nyuka.” Uji wa ulezi haukosekani nyumba yenye ulezi, na aliyeombwa kitu hana aibu ya kukataliwa. Kisha ukae. Kinachowaudhi watu zaidi ya kutokunywa ni mtumishi anayekataa, anaangalia saa, anaondoka. Huyo ameonyesha kwamba wao ni wachafu. Kaeni robo tatu ya saa, ulizeni habari za wazee, kuleni malakwang, mboga chachu ya majani. Tembeleeni asubuhi, kwani baada ya saa nane mchana mazungumzo ni ya chungu. Nyumba nne kwa siku zinatosha, maana chakula hakikataliki na malakwang yenye odii si mboga nyepesi.

Jambo jingine, linalotugonganisha sisi kwa sisi. Ndugu wa uamsho, Balokole wa Kanisa la Uganda (Anglikana), hawagusi pombe kabisa. Mkatoliki hakatazwi kunywa kwa kiasi. Katekista akionekana kwenye mirija na msomaji wa kanisa la jirani akahubiri juu yake Jumapili, wanaoumia ni waumini waliooana kati ya makanisa hayo mawili. Zungumzeni wenyewe kabla ya tarehe 24, mkubaliane nani atasema nini. Juu ya arege hakuna mjadala: pombe kali hiyo iliyokenekwa kwa pipa na bomba haina kipimo, na serikali ilipopiga marufuku waragi wa vipakiti mwaka 2019 wanywaji wengi walirudi kwenye chupa ya plastiki isiyo na jina.

Wana wa nyumbani wanarudi kutoka Kampala, na pamoja nao yanarudi mambo ya ukoo. Mtoto akiugua wiki hii utasikia neno cen, roho ya aliyeuawa isiyotulia, na kuna atakayetaka kumwita ajwaka, mganga wa kienyeji. Hapa mtumishi mgeni huharibu kwa kutupa kila kitu shimo moja. Ajwaka anayepiga ramli na kumtaja jirani kuwa ndiye mchawi, huyo analeta damu. Mato oput ni kitu kingine: koo mbili zilizouana zinakiri, zinalipa fidia, kisha zinakunywa pamoja mzizi mchungu wa mti wa oput. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, waliisimamia amani pamoja na wazee miaka ya vita. Usiyaite yote ushetani mimbarani, maana aliyekuelewa vibaya hatakuja tena kukuuliza. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza, usiku huo huo, maombi yakiendelea njiani.

Gari au pikipiki ya misheni ibebe mgonjwa na mama mwenye uchungu. Kreti za bia zisipande, hata zikija na jamaa mgonjwa, kama ilivyo kawaida yao.

Sadaka ya Krismasi ihesabiwe kanisani, milango ikiwa wazi, na watu wawili wasio wa ukoo mmoja, iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kisha itumwe kwenye akaunti ya parokia kabla ya jua kuzama. Isilale kwenye simu ya mtu. Fedha zikilala kwenye laini yako, shida ya nyumbani kwako inazijua. Mnada wa kuku na mihogo iliyotolewa sadaka uwe wa fedha taslimu. Jogoo anayenunuliwa, anarudishwa na kunadiwa tena mara tatu ni furaha tupu, ila kila mara aandikwe upya. Vinginevyo Januari kuna jogoo mmoja, wadaiwa watatu na mweka hazina anayekwepa njia ya sokoni.

Kwa mliotoka nje na Kiswahili chenu: upande wa Alur, Paidha na Goli, kinapokelewa, soko linavuka hadi Mahagi, Kongo. Acholi wengi walikisikia kwanza kwa askari. Anzeni na “Kop ango?” (habari gani?), mkijibiwa “Kop pe” (hakuna neno) ndipo muendelee. Hata jina la Mungu lina historia: Waacholi wanasali kwa Lubanga au Rubanga, watu wa Lango kwa Obanga, na Okot p'Bitek, mshairi na mwandishi wa mila za Waacholi, alieleza kwamba zamani Rubanga ni jok, yaani roho, aliyesemwa kupinda watu migongo. Wazee wanalijua hilo. Wasikilizeni.

Mwaka huu tunawaombea kwa majina ya Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana waliouawa Paimol Oktoba 1918 na kutangazwa wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002. Kazi yao ilikuwa ndogo ya kila siku: Daudi alipiga ngoma alfajiri, wanafunzi wakaja, wakakariri sala na maswali ya katekisimu, kisha wakaenda shamba na wenyeji.

Ngoma ya mkesha kila mtu anaikumbuka. Ya alfajiri ya tarehe 26 ndiyo hukosa mpigaji. Mpangeni leo, kwa jina, mtu ambaye hatakuwa kwenye chungu usiku wa 25. Ngoma ailaze ndani, mbali na umande. Ikilegea aipashe kwa moto wa nyasi, mkono mmoja juu ya ngozi wakati wote, kwani kiangazi hiki ngozi ni kavu na ikisogezwa karibu mno inapasuka ukingoni, na fundi wa ngozi naye yuko kwenye karama.