Risala ya klabu ya filamu kwa mgeni rasmi, siku ya kumkumbuka Evelyn Preer

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa niaba ya wasichana wote wa klabu ya filamu, tunakushukuru mama yetu kwa kukubali mwaliko. Bibi zetu wametuambia kwamba ulipokuwa ukiigiza michezo ya redio, walikuwa wakiacha mchele kwenye ungo ili wakusikilize. Ndiyo sababu tulikutaka wewe na si mwingine.

Historia ya klabu haitachukua muda. Tulianza miaka mitatu iliyopita bwaloni, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe la bwenini lililofungwa kwenye nondo za dirisha. Mwaka huu mlezi wetu alituletea filamu bubu ya mwaka 1920 iitwayo Within Our Gates. Wengi tulinung'unika. Haina sauti, haina rangi, na maandishi yake ilibidi mwalimu atutafsirie kwa kusoma kwa sauti. Ilipokwisha hakuna aliyeinuka kwenye benchi. Leo tungependa kukueleza habari za mwanamke tuliyemwona kwenye shuka lile.

Evelyn Preer, mwigizaji Mmarekani Mweusi, alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Vicksburg, jimbo la Mississippi, Kusini mwa Marekani. Baba yake alifariki mapema, mama akahamia na watoto Chicago, kama walivyofanya Wamarekani Weusi wengi waliokuwa wakiikimbia Kusini. Mama huyo alikuwa mhubiri, na inasimuliwa kwamba binti alisimama naye barabarani akihubiri. Sisi tunaamini hapo ndipo alipojifunza kumkabili mtu aliyekusudia kupita bila kusikiliza.

Mheshimiwa, ili uone ukubwa wa alichofanya, inabidi kujua sinema ya Marekani ilikuwaje wakati ule. Mwaka 1915 ilitoka The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, filamu iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi. Nafasi kubwa za watu weusi ndani yake walipewa wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Yaani hata kuigizwa vibaya, mtu mweusi hakuruhusiwa kujiigiza mwenyewe.

Akatokea Oscar Micheaux, mkulima wa South Dakota aliyekuwa akiandika vitabu na kuviuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kampuni moja ilitaka kutengeneza filamu kutokana na riwaya yake. Akasema sawa, ila niiongoze mimi. Walishindwana, naye akaanzisha kampuni yake. Mwaka 1919 alitoa The Homesteader, filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Mmarekani Mweusi, na mke wa shujaa wa hadithi akawa Evelyn Preer. Alikuwa na miaka 22.

Within Our Gates ikafuata, ikaonyeshwa Chicago Januari 1920. Miezi michache nyuma, Julai 1919, jiji hilohilo lilikuwa na ghasia kati ya wazungu na weusi zilizoua watu 38, na 23 kati yao walikuwa weusi. Wakaguzi wa filamu waliikataa kwanza, kisha wakakubali baada ya mabishano, na hata hapo wapo waliosihi isionyeshwe wasije watu wakawaka tena.

Humo Preer ni Sylvia Landry, mwalimu. Anafundisha watoto weusi huko Kusini, katika shule ambayo jimbo linailipa dola 1.49 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima. Mkuu wa shule hana moyo wa kumrudisha mtoto hata mmoja, kwa hiyo shule inakaribia kufungwa kwa kukosa dola 5,000. Sylvia anapanda treni kwenda Boston kutafuta hizo fedha. Unaweza kudhani hadithi iliandikwa na mhasibu wetu wa shule.

Lakini kilichotukamata ni sehemu ya mwisho, inayorudi nyuma kueleza Sylvia katoka wapi. Amelelewa na wakulima wanaolima shamba la mzungu kwa kugawana mazao. Yeye ndiye aliyesoma, hivyo ndiye anayeandika hesabu za baba. Daftari linaonyesha wazi kwamba baba hadaiwi. Baba anakwenda na hesabu hizo kwa mwenye shamba. Mwenye shamba anapigwa risasi dirishani na mzungu mwingine mwenye kinyongo naye, lawama zote zinamwangukia baba. Kundi la watu linawanyonga baba na mama, kisha linawasha moto. Wakati huohuo, ndugu wa mwenye shamba aliyeuawa anamvamia Sylvia ndani ya nyumba. Micheaux anatupeleka kwenye moto, anaturudisha ndani, anatupeleka tena kwenye moto. Preer anapambana mpaka nguvu zinamwisha. Mwanamume yule anaona kovu kifuani pake, anaganda: binti huyu ni damu yake mwenyewe.

Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alisema kitu ambacho hatukuweza kukiongezea: "Dada yule alianza kuteswa kwa sababu alijua hesabu."

Nje ya kamera, Preer alijiunga na Lafayette Players, kundi la waigizaji weusi lililoanzia Harlem, New York, na likacheza michezo mizito ambayo wengi waliamini ni ya wazungu peke yao. Humo ndimo alimopata mume, mwigizaji Edward Thompson. Mwaka 1923 alicheza kama Salome, katika mchezo wa Oscar Wilde, kwenye jukwaa la Broadway, mtaa wa New York wenye kumbi maarufu za maigizo. Mwaka 1928 kundi lilihamia Los Angeles, na filamu za sauti zilipofika, naye alikuwemo. Ila Hollywood haikumpa nafasi kubwa kama ile ya Salome. Katika Blonde Venus ya mwaka 1932 utamwona kwa muda mfupi tu, nyuma ya mzungu aliyebeba hadithi. Jambo hilo linatuuma. Novemba mwaka huohuo alifariki kwa nimonia, miezi michache baada ya kumzaa mtoto wake wa pekee, binti. Alikuwa na miaka 36.

The Homesteader haionekani popote. Filamu bubu alizofanya na Micheaux zilipotea moja baada ya nyingine, na iliyosalia ni hii tu tuliyoiona. Nayo ilipatikana Hispania, katika hifadhi ya filamu ya Madrid, miaka ya 1970, ikiwa na jina La Negra na maandishi ya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani ikayarudisha maandishi hayo katika Kiingereza na kuikarabati mwaka 1993. Katikati kuna kipande hakipo mpaka leo. Unasoma tu maelezo ya kilichotokea. Mtu fulani Hispania hakutupa mkebe, nasi tukamwona Evelyn Preer bwaloni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla ya kukualika tulizitafuta kanda za michezo yako ya redio. Tulipiga simu, tuliandika barua, tuliuliza kwa wazee. Hatukupata hata moja. Na sisi si bora: tamthilia yetu ya mwaka jana ilirekodiwa kwa simu moja, simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na binti aliyecheza kama malkia amehitimu bila kujiona.

Kwa hiyo maombi yetu ni matatu. La kwanza, diski mbili za kuhifadhia kazi zetu, moja ikae maktaba na nyingine ofisini kwa Mkuu wa Shule. La pili, kabati lenye kufuli, kwa kuwa chumba tulichopewa kinavuja masika.

La tatu halina gharama. Chini ya mwembe pale tumeweka kamera na kiti. Tunakuomba, ukishamaliza kutuhutubia, ukae hapo utuigizie ule mchezo ambao bibi zetu waliuachia mchele. Hata kama unakumbuka kipande tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.