Barua ya wazi kwa mawakili vijana mnaozikimbia kesi za jinai

Wanangu,

Shikamoo zenu nilizipokea siku ile ya harusi, nami nikaitikia marahaba kwa moyo mweupe. Ila maneno yaliyofuata pale mezani yamenikaa kooni kama mwiba wa sato. Mlikuwa sita, wote mmeapishwa ndani ya miaka mitatu hii. Mmoja akasema kesi za jinai ni za mawakili wenye njaa. Mwingine, binti mwenye sauti nzuri ya mahakamani, akaniuliza, "Babu, nitamteteaje mtu aliyebaka? Nami nina wadogo zangu wa kike nyumbani." Mkacheka, mkarudi kwenye habari za benki na kodi. Nilinyamaza kwa sababu maharusi walikuwa wanaingia ukumbini. Sasa nimepata nafasi.

Swali la binti yule silicheki. Chuoni tulilijibu kwa ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu ya Tanzania, kwamba ni marufuku mtu aliyeshitakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Ni jibu sahihi. Lakini jibu hilo peke yake halimwamshi wakili alfajiri akapande daladala kwenda gerezani kumwona mteja asiye na senti. Aliyenijibu nikaridhika ni Mmarekani mmoja, Charles Ogletree, profesa wa sheria wa Harvard na wakili wa utetezi.

Kama mnamjua, basi mnamjua kama mwalimu wa Barack Obama na Michelle. Ni kweli, wote wawili walipita mikononi mwake. Tupac Shakur naye aliwahi kuwa mteja wake (hapo najua mmeinua vichwa). Mimi nataka mumjue kwa mengine.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1952 huko Merced, mji wa mashamba katika jimbo la California, na wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani. Akasoma Stanford, kisha sheria Harvard, akamaliza 1978. Kijana wa namna hiyo kampuni kubwa humgombania. Yeye akaenda Washington, kwenye ofisi ya watetezi wa umma. Kule, tangu hukumu ya Gideon ya 1963, mshitakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili, na sehemu nyingi zina ofisi ya mawakili wanaolipwa mshahara kwa fedha za umma ili wawatetee maskini dhidi ya dola hiyohiyo inayowalipa. Sisi kesi za mauaji mahakama humpangia wakili binafsi, na mnajua wenyewe wengi wetu tunavyoikunjia uso barua hiyo ikifika mezani. Tangu 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, ni jambo jema, lakini sheria haivai joho ikasimama yenyewe mbele ya jaji.

Mwaka 1982, Ogletree akiwa bado kwenye ofisi ile, dada yake Barbara aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake. Dada huyo alikuwa askari polisi. Hebu rudieni hapo taratibu: kaka anatetea watuhumiwa, dada anawakamata, na dada ndiye anayeuawa. Nani angemlaumu kaka kama angerudisha joho siku ya pili ya matanga?

Hakurudisha. Miaka 11 baadaye, 1993, aliandika makala ndefu katika jarida la sheria la Harvard akijiuliza kwa nini aliendelea. Hajifanyi jiwe mle ndani, uchungu wake anauweka wazi. Hoja zote za vitabuni kuhusu haki ya kutetewa anazikubali, lakini anaona hazitoshi kumdumisha wakili katika kazi hii. Kilichomdumisha yeye ni mambo mawili. La kwanza ni kujitia mahali pa mteja, kumjua kama mtu mwenye mama, mwenye mtaa, mwenye historia iliyomfikisha pale kizimbani. La pili, nalo hakuona haya kulikiri, ni ushujaa: ile raha ya kusimama peke yako mbele ya dola nzima na kuiambia ithibitishe. Nilimpenda kwa kulikiri hilo la pili. Wanasheria tunapenda sana makofi, kisha tunajifanya hatuyasikii.

La kwanza mimi nililijua kwa kulikosa, na habari hii sijawahi kuiandika popote.

Mwishoni mwa miaka ya 80 nilipangiwa kesi ya mauaji katika kikao cha Mahakama Kuu, Kanda ya Ziwa. Mshitakiwa alikuwa mvuvi. Posho ya kesi haikutosha hata nauli, na wiki hiyohiyo nilikuwa na mgogoro wa kiwanja wenye fedha nzuri. Sikwenda mahabusu. Mteja wangu nilikutana naye koridoni asubuhi ya kesi, ameshushwa kwenye karandinga, pingu zimemwachia mstari mwekundu kwenye kifundo. Akaniuliza, "Wewe ndiye wakili wa serikali?" Nikamwambia, mimi ni wakili wako. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Haya." Tulizungumza dakika kumi, labda hazikufika.

Shahidi mkuu alisema alimtambua usiku kwa mwanga wa chemli. Kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani ya 1980, ile inayotuongoza kuhusu kumtambua mtu gizani, nilikuwa nimeihifadhi kama mtoto wa madrasa anavyoihifadhi Alhamdu: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulikuwa na ukali gani, alikuwa akimfahamu kabla ya hapo. Nikasimama, nikauliza maswali mawili ya umbali, nikaketi. Mwanga sikuugusa. Wazee wa baraza wakasema ana hatia, jaji naye akaona hivyo, akahukumiwa kunyongwa. Mahakama ya Rufani ilimwachia miaka mitano baadaye kwa hoja hiyohiyo ya mwanga. Aliyesimama naye kwenye rufaa alikuwa wakili mwingine.

Akanitafuta. Aliingia ofisini na furushi la dagaa, nikajua amekuja kunitukana. Akaketi, akaniambia ile chemli alikuwa akiijua, ya shemeji yake. Kioo kimepasuka, upande mmoja mweusi tititi kwa masizi, na utambi walikuwa wakiushusha mpaka karibu uzime ili kubana mafuta ya taa. Ukiibeba mkononi hata miguu yako huioni. "Kijiji kizima kinaijua," akasema. "Wewe hukuniuliza."

Dagaa wale nilifika nao nyumbani. Mke wangu akawakaanga, watoto wakala. Mimi sikuweza.

Kwa hiyo Ogletree anapoandika habari ya kumjua mteja, mimi pale naiona ile chemli. Binti yangu, hakuna aliyekutaka umpende mtuhumiwa, wala uamini kila anachosema. Umetakiwa uende ukamuulize. Na kama kweli alibaka, upande wa mashitaka wana wapelelezi, wana madaktari, wana serikali nzima, wamthibitishie. Wakishindwa kwa sababu ya uzembe wao, hasira zako zipeleke huko.

Tena sikiliza na hili, maana wewe hasa linakuhusu. Oktoba 1991 Anita Hill, naye profesa wa sheria, alikwenda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kueleza jinsi alivyosumbuliwa kingono na Clarence Thomas, aliyekuwa bosi wake na ambaye sasa alikuwa ameteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mmoja wa mawakili waliosimama upande wa Hill ni huyuhuyu Ogletree, mtetezi wa washitakiwa. Wakati huo hata ajira ya kudumu pale Harvard alikuwa hajapata, aliipata 1993. Mtu aliyezoea kukaa na mnyonge kizimbani hakuona ajabu kukaa na mnyonge aliyekuwa akilalamika. Seneti ilimpitisha Thomas kwa kura 52 dhidi ya 48.

Kushindwa hakukuishia hapo. Mwaka 2003, yeye na wenzake, akiwemo Johnnie Cochran, walifungua kesi ya fidia kwa ajili ya manusura wa Tulsa, Oklahoma, ambako Mei 31 na Juni 1 mwaka 1921 kundi la Wazungu liliuteketeza mtaa wa Greenwood wa watu weusi. Wadai walikuwa wazee waliokuwa watoto siku zile za moto, wengine wameshavuka miaka 90, wapo hata waliovuka 100. Mahakama ikaitupa kesi kwa kuwa nje ya muda, rufaa ikagonga mwamba, na 2005 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Ninyi mnaotaka kesi za kushinda tu ili mpige picha nje ya mahakama, jiulizeni kama mngeigusa ile. Kwa hesabu za ofisi ilikuwa kesi ya hasara. Lakini wale wazee walisikilizwa na wakili wao wakiwa hai.

Sitaki mdhani nawasimulia habari za mtakatifu. Mwaka 2004 alichapisha kitabu cha nusu karne ya hukumu ya Brown ya 1954, ile iliyopiga marufuku kutenga watoto shuleni kwa rangi. Ikagundulika aya sita zimetoka neno kwa neno katika kitabu cha profesa wa Yale, Jack Balkin. Wasaidizi wake ndio waliochanganya maandishi katika haraka ya kumaliza, lakini alitangaza hadharani kosa hilo na akasema ni lake. Ilikuwa aibu, na aliistahili. Nawatajia hili kwa sababu siku hizi nasoma hoja zenu za maandishi na nakuta jina la mteja wa kesi nyingine limesahaulika aya ya saba. Msiniambie ni karani.

Ugonjwa wa kusahau ulimpata mapema. Mwaka 2016, akiwa na miaka 63, alitangaza kuwa ana alzaima. Mtu aliyeishi kwa kukumbuka ushahidi, fikirini. Alifariki tarehe 4 Agosti 2023. Miezi michache kabla, jengo la mahakama ya kwao Merced lilipewa jina lake. Mtoto wa vibarua wa mashamba ya palepale.

Najua mtasema, Babu, kodi ya ofisi hailipwi kwa ushujaa. Nakubali. Hata mimi viwanja ndivyo vilivyosomesha watoto. Chukueni benki zenu, chukueni makampuni. Ila barua ya mahakama ya kukupangia mshitakiwa ikija, usiipe kisogo, na usiipeleke kwa aliyeapishwa jana kama vile ni nguo kuukuu.

Kuna jambo lake moja nimeamua kuliiga, uzee huu huu. Pale Harvard alianzisha masomo ya Jumamosi, hasa kwa wanafunzi weusi waliokuwa wakijiona wageni katika madarasa yale. Baadaye wakawa wanakuja wa kila rangi, na kijana Obama alikuwa mmoja wao. Mwaka 1990 akaanzisha pia taasisi ya jinai ambako wanafunzi, chini ya usimamizi, walitetea maskini halisi katika mahakama halisi.

Mimi taasisi sina. Nina baraza, mkeka, na birika la kahawa. Kuanzia Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nitakuwa hapo, nanyi sita nawasubiri, na yeyote mtakayekuja naye. Kila mmoja aje na faili moja la jinai. Na kabla hajafika kwangu awe amekwishakwenda mahabusu, akaketi na mteja wake, akamuuliza habari za taa.

Babu yenu, wakili mstaafu,
Mwanza